Uzi maalum wa nyama ya kusaga: pika kilo moja Jumapili, wiki nzima unabadilisha jina tu

MamaWawili_Tabata:

Wakuu habari za wikendi. Juzi kuna mtu kaandika humu anatoka job saa kumi na moja anafika home saa mbili kwa foleni, akifika hana nguvu hata ya kumenya kitunguu anaishia chips mayai kila siku. Nikasema ngoja nilete hii kitu maana mimi nina watoto wawili, kazi, na msichana wa kazi alishaondoka tangu mwaka juzi, na hii ndio imeniweka mjini.

Mambo yote ni nyama ya kusaga. Kilo moja. Unaikaanga mara moja Jumapili unaigawa kwenye vikontena, halafu kila siku unaitoa unaipa jina jipya. Leo mchuzi wa tambi, kesho imelala ndani ya chapati, keshokutwa rosti ya ugali, siku ya wageni sambusa. Baba watoto alikuja kushtuka mwaka wa tatu kwamba nyama ni ile ile.

Sasa mengine yote mtabishana ila hili moja naomba mlishike: hii nyama ya msingi USIIWEKEE NYANYA. Wala karoti, wala giligilani, wala nazi, wala masala ya nguvu. Humu ndani kuna kitunguu maji, swaumu, tangawizi, chumvi na pilipili manga, basi. Ukishaweka nyanya umeshaifunga, itakuwa mchuzi mpaka kufa kwake, huwezi kuitia kwenye sambusa wala katlesi.

Nafanya hivi. Vitunguu maji vikubwa vitatu nakata vidogo, swaumu kichwa kimoja, tangawizi ya kidole gumba. Naweka karai pana (sufuria ya wali ya mdomo mdogo hapana) linapata moto mpaka tone la maji likidondoka linarukaruka, mafuta vijiko viwili, natupia NUSU ya nyama, naitandaza kama chapati halafu naiacha. Usiiguse dakika tatu nne hivi. Najua mkono unawasha unataka kukoroga, iache. Ikishika rangi chini ndio unageuza na kuanza kuivunja kwa mwiko. Unaitoa, unaweka nusu ya pili unafanya vile vile. Mafuta yaliyobaki ndio unakaangia vitunguu mpaka viwe rangi ya karanga, swaumu na tangawizi dakika moja, unarudisha nyama yote, chumvi, manga, moto mdogo dakika kumi. Imeisha hiyo. Nusu saa na kitu ukiwa mzembe.

Kilo ya nyama mbichi huwa inanibakia kama gramu 700 na ushee, msishangae mkaanza kulaumu watoto.

Karibuni na maujuzi yenu.

Kapeto:

Nawahi siti ya mbele na sahani yangu

Chapo_Mbili:

Dada umeongea vizuri lakini hiyo ya nyanya nakataa. Sisi huku Nairobi nyama ya kusaga bila nyanya ni kama chai bila maziwa, inakunywika lakini umekosea nani? Mimi naweka nyanya nne, hoho, karoti, minji (njegere), waru (kiazi) moja imekatwa ndogo ndogo, dania (giligilani) mingi na Royco kijiko moja. Naweka frija. Kesho yake ndio inakua tamu zaidi. Chapo mbili, imeisha.

BiThomu:

Ahsante mwenye uzi, kumbe na bara mnapika kima. Ila mie nna neno. Kima cha sambusa hakitiwi mafuta hata tone. Hakitiwi! Nyama yenyewe ina mafuta yake, ukiongeza sambusa zinatoka zinang'ara kama kichwa cha bwana harusi. Mie naweka nyama kwenye sufuria kavu na thomu (swaumu), tangawizi, chumvi na ndimu moja, naivuruga kwa mwiko tangu mwanzo isifanye mabonge, nakausha mpaka kila punje isimame peke yake. Ikishapoa ndio natia kitunguu kibichi nimekikata saizi ya mchele, kotmiri (giligilani) na pilipili ya kuwasha. Kitunguu hakipikwi, kinapikika ndani ya manda (ganda la sambusa) wakati wa kukaanga.

Kapeto:

Samahani bibi, kima? Kima si yule wa msituni anayeiba mahindi? Mbona mnanitisha

Injinia_Jikoni:

Mimi kima ninachokijua ni kima cha chini cha mshahara, na chenyewe hakitoshi kilo ya nyama ya kusaga.

BiThomu:

Wewe Kapeto mtoto wa nani wewe hahaha. Kima nyama ya kusaga, hilo neno tumelipata kwa Wahindi, wao wanasema keema, na Wahindi nao wamelichukua huko kwa Waturuki ambao hadi leo nyama ya kusaga wanaiita kıyma. Limetembea njia ndefu mpaka kufika Darajani. Sasa we ukija Unguja ukaambiwa "chapati ya kima" usikimbie.

Kapeto:

Nimeelewa shikamoo bibi

MamaWawili_Tabata:

Kapeto marahaba, nakujibu kwa niaba ya BiThomu maana naona amechelewa. BiThomu, hapo kwenye sambusa nakubali mama, hoja yako nzito. Mimi nikitaka za sambusa naitoa kwenye friji naiweka kwenye chujio juu ya bakuli naipasha kidogo mafuta yashuke. Ila ukweli yako ya ndimu na kitunguu kibichi ni bora, nimekula hizo Zenji, hazifanani na zetu. Tofauti ni kwamba yako ni ya sambusa tu, mimi nataka ya kwenda kila mahali.

Chapo_Mbili kaka yangu, sijasema nyanya ni mbaya, nimesema nyanya isubiri zamu yake. Mimi nikitaka hiyo yako nakaanga nyanya mbili na kijiko cha nyanya ya kopo mpaka mafuta yajitenge pembeni, naongeza kikombe cha ile nyama na robo kikombe cha maji, njegere, dakika saba nimemaliza. Wewe ukitaka sambusa Jumatano unafanyaje na waru zako?

Chapo_Mbili:

Nanunua sambusa kwa jirani 😂

Mzito_Kabwela:

Mbona hamjazungumzia nyama yenyewe inatoka wapi? Mimi nilishakula nyama ya kusaga kutoka bucha moja (silitaji, lipo karibu na ninapoishi na mwenye bucha anaongea sana) nikaikaanga ikatoa maji nusu sufuria, yaani supu kabisa, na harufu ya maini. Nimekuja kugundua jamaa anasaga vipande vya jana vilivyobaki anachanganya na mabaki ya juu ya meza. Tangu siku ile sinunui iliyosagwa tayari. Nachagua mnofu wa mguu wenye mafuta kidogo, anapima mbele yangu, nasimama pale mashine inapokula, na nikiweza namuomba aanze na kipande kimoja kidogo kitoe mabaki ya mteja aliyepita halafu hicho asiniwekee. Anakasirika lakini anafanya.

Na msiombe steki tupu isiyo na mafuta mkijifanya mnajua afya, inatoka kavu kama vumbi la mbao. Sehemu moja mafuta kwa nne za mnofu ndio saizi yake. Kwa mchuzi inatosha kusagwa mara moja. Kababu ndio unasema mara mbili.

MamaWawili_Tabata:

Umemaliza mkuu. Asiye na mashine karibu, mimi kabla sijagundua bucha langu nilikuwa nakata vipande vidogo naweka friza nusu saa vigande nje kidogo halafu nasaga kwa mashine ya mkono ile ya kubana mezani. Nyama ya uvuguvugu mafuta yake yanayeyuka yanapaka mashine, inatoka kama uji.

Kapeto:

Wakuu nimerudi. Nimejaribu leo. Nusu kilo. Imekuwa ya kijivu, mabonge mabonge kama kokoto, na ina maji. Nimekula lakini roho inauma. Nimekosea wapi? Nina jiko la gesi la mtungi mdogo plate moja na sufuria ya kawaida.

Injinia_Jikoni:

Kapeto ngoja nikusaidie kitaalamu bila makasiriko. Rangi ya kahawia na ile harufu ya kuchoma kwenye nyama inaanza kuja vizuri kwenye joto la nyuzi 140 hivi kwenda juu. Maji yanachemkia 100. Sasa kama kuna maji ndani ya sufuria, haijalishi umewasha gesi mpaka mwisho, nyama haipandi juu ya 100 mpaka maji yaishe. Wewe hujakaanga, umechemsha. Hilo ndilo lililokutokea.

Maswali matatu. Nyama ilitoka friza ikiwa na barafu? Ulitupia yote kwa mpigo? Uliweka chumvi mwanzo?

Kapeto:

Ndiyo, ndiyo na ndiyo 😭

Injinia_Jikoni:

Basi huna bahati mbaya, una haraka. Iyeyuke kwanza ndani ya friji usiku kucha (usiiache juu ya meza mchana kutwa kwenye joto la Dar), ipanguse maji kwa karatasi za jikoni. Chumvi mwishoni, maana ikiingia mapema kwenye nyama iliyosagwa inavuta maji na inafanya punje zishikane, ndio maana kwenye kababu tunaitaka hiyo na kwenye mchuzi hatuitaki. Na kwa plate moja fanya robo kilo robo kilo.

Ukishakosea na maji yameshatoka usiyamwage, yana ladha yote humo. Acha wazi bila mfuniko, moto mkubwa, yakauke. Usikilize. Mwanzo utasikia bwata bwata bwata, halafu sauti inabadilika inakuwa chwaaa kali ya mafuta, HAPO ndipo kukaanga kunaanza, watu wengi ndipo wanapozima jiko wakidhani imeiva.

MamaWawili_Tabata:

Hapo kwenye sauti umenifurahisha, mama yangu alikuwa anapika yupo sebuleni anatuambia "geuzeni hiyo" kwa kusikia tu.

MpishiWaKinyerezi:

Kuna ujanja mmoja nilifundishwa na fundi mmoja wa mgahawa wa Kichina niliowahi kufanya kazi. Baking soda, ile ile ya mandazi, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama, unaikoroga kwenye kijiko cha chakula cha maji unachanganya na nyama unaiacha robo saa. Nyama inashikilia maji yake haitoi sana, na rangi inakuja haraka. Usizidishe, ukizidisha inakuwa na ladha ya sabuni. Nimeshazidisha, najua.

BiThomu:

Sabuni! Tieni ndimu jamani.

MpishiWaKinyerezi:

Bibi ukiweka ndimu na baking soda pamoja vinauana, itabidi uchague moja

Mdau_Ughaibuni:

Nipo Italia kaskazini huku, naona mnataja tambi na nyama. Watu wa Bologna hiyo sosi wanaiita ragù na hawana utani nayo, mwaka 1982 walikwenda kuisajili kabisa kwenye chemba ya biashara ya mji wao kama vile mtu anasajili kampuni. Kilichonishangaza nilipofika ni nyanya zilivyo chache. Mimi nilizoea ile yetu ya harusini, nyekundu inaelea. Ya kwao ni nyama, na nyanya ipo ipo tu kama shahidi. Halafu wanatia maziwa! Na hawali na tambi nyembamba, wanakula na tagliatelle, zile bapa kama utepe, wanasema nyembamba nyama inadondokea chini ya sahani. Na wanaipika masaa mawili matatu, kwa hiyo ya mwenye uzi ya nusu saa wakiiona watalia.

Kuna divai pia ila mimi siweki, naweka maji ya nyama.

MamaWawili_Tabata:

Waje wapande daladala ya Tabata saa kumi na mbili jioni halafu wapike masaa matatu, tuone. Ila maziwa nitajaribu.

Chapo_Mbili:

Shahidi imesema nyanya ni chache, sio hakuna. Naendelea na msimamo wangu.

Nusu_Mkate:

Samahani wadau, mimi nyama kilo siwezi wiki hii, mfuko umetoboka. Nina nusu kilo na watu sita nyumbani. Nifanye nini ionekane nyingi

BiThomu:

Adesi mwanangu. Kikombe kimoja cha adesi za kahawia, zichemshe peke yake zisipasuke, zikiwa bado na kiini kidogo zichuje, ziingie kwenye kima mwishoni. Rangi inafanana, saizi inafanana. Nimewalisha watu futari wakanisifu nyama.

Chapo_Mbili:

Sisi tunaita kamande. Hiyo kweli inaweza. Pia uyoga kama uko nayo lakini hiyo si ya mfuko imetoboka

MamaWawili_Tabata:

Nusu_Mkate na bilinganya pia, kata vipande vidogo sana, kaanga mpaka iyeyuke kabla hujarudisha nyama. Watoto hawajui kama ipo. Ila bilinganya weka siku ya kula, ikigandishwa inatoa maji.

Mzito_Kabwela:

Swali kwa Injinia. Hii ya kukaa wiki nzima mbona mimi naiogopa? Tanesco wanaweza kukata muda wowote.

Injinia_Jikoni:

Swali la msingi hili. Nyama ya kusaga sio kama kipande kizima. Kipande kizima vijidudu vingi vinakaa juu, moto ukipita juu vimekufa. Ukishasaga umevichanganya mpaka katikati, kwa hiyo lazima iive yote, kiwango kinachotajwa ni nyuzi 71 katikati, na kwa style ya kukaanga punje punje unavuka hapo bila shida, hofu iwe kwa kababu nene.

Ikishaiva isizagae mezani zaidi ya masaa mawili. Itandaze kwenye sinia ipoe haraka, usifunike sufuria nzima ya moto ukaisukuma kwenye friji, katikati itabaki vuguvugu masaa mengi na hapo ndipo inapochacha. Friji ya kawaida siku tatu mpaka nne. Kwa hiyo ya Jumapili mwisho Jumatano, na ya Alhamisi kuendelea iende friza tangu Jumapili ile ile, sio ukumbuke Jumatano. Friza inakaa miezi miwili mitatu bila kupoteza ladha.

Umeme ukikata, USIFUNGUE FUNGUE. Friji ikifungwa inajitahidi masaa manne. Friza iliyojaa pomoni inaweza kushika baridi mpaka siku mbili, iliyo nusu ni siku moja. Mimi friza yangu nikiona haijajaa naweka chupa za maji. Na nyama ikishapita hapo msianze kunusa nusa mkijipa moyo, tupa.

MamaWawili_Tabata:

Ndio maana nasema vikontena. Mimi natumia mifuko ile ya kufunga, naweka kikombe kimoja kimoja, nailaza bapa kama daftari. Inaganda haraka na ukiitoa asubuhi kuiweka friji jioni imeshalegea, hata ukisahau unaivunja kwenye karai ikiwa na barafu inaenda, maana hii imeshakaangwa, haina maji mengi. Juu naandika tarehe kwa peni ya wino mzito.

Ratiba yangu wiki hii kwa waliouliza pm: Jumapili wenyewe walikula na wali na kachumbari, Jumatatu tambi, nyanya kopo na karoti iliyokwaruzwa, na nimejaribu yale maziwa ya Mdau, robo kikombe, aisee imekuwa laini imetulia, sirudi nyuma. Jumanne nikatia tui la nazi na bizari ya mchuzi, ugali na mchicha pembeni. Leo nimefanya ile ya Mombasa wanaita mkate wa mayai, nyama na kitunguu na yai bichi ndani ya chapati nyembamba unakunja pande nne unakaanga, yule mdogo kala miwili.

BiThomu:

Hiyo ndugu yake ndio ile wanayowauzia watalii Forodhani wakaiita pizza. Pizza wapi na wapi.

Mdau_Ughaibuni:

Nikiwaambia Wataliano kuna pizza ina mayonezi na yai na inakunjwa wananyamaza tu

Kapeto:

Wakuu nimerudi mara ya pili. Nimenunua karai Kariakoo. Nimechukua kilo nzima, nimesimama buchani mpaka jamaa akaniuliza kama mimi ni wa afya. Nimeyeyusha friji, nimepangusa, nimekaanga robo robo kwa mafungu manne, chumvi mwisho. Sauti nimeisikia!! Ile chwaaa!! Rangi imekuja kahawia kabisa, harufu imetoka mpaka koridoni.

MamaWawili_Tabata:

Hongera mwanangu!! Umeigawa vizuri? Umeandika tarehe?

Kapeto:

Hapo sasa. Ile harufu ya koridoni. Wamekuja masela wanne na mikate miwili ya boflo wakasema wanaonja tu. Saa nne usiku nakwangua karai. Kilichobaki ni kama vijiko vitatu nimeweka kwenye kontena na nimeandika tarehe kama mlivyosema.

Injinia_Jikoni:

Siku tatu mpaka nne mkuu, usisahau 😂

Chapo_Mbili:

Ungeweka nyanya ingetosha